Programu Iliyojua Nyumba Moja

Mimi ni mtu wa ndani. Dada yangu, anayefua mashuka kwenye hoteli moja ya Diani, huniita mwari, eti nimewekwa ndani nangoja kuozwa, na miaka thelathini na tano nimeshaipita. Simkatalii. Kutoka Munje kwenda Ukunda kwangu ni safari ya kuombewa dua.

Lugha ya C, ya kuandikia programu za kompyuta, niliisoma humo humo ndani, baada ya kumaliza kidato cha nne, kwa kitabu cha mitumba kisicho na jalada. Mwandishi wake alikuwa na wasiwasi mwingi. Kila baada ya kurasa mbili anaonya: amri hii ni ya mfumo mmoja tu wa kompyuta, usiitawanye; za namna hii zitenge mahali pamoja, na zilizobaki ziwe C sanifu, inayokubalika na kila mashine. Nilimwelewa vizuri. Ni kama Kidigo chetu cha nyumbani na Kiswahili cha redioni. Lakini nikajiuliza, sanifu ya nini? Kwani mimi nakwenda wapi? Programu yangu itakaa nami juu ya meza hii hadi mmoja wetu afe.

Programu yenyewe ilikuwa ya mama. Mama ana sukari, na insulini yake hukaa ndani ya friji yetu kuukuu, ambayo ikipandwa na wazimu hugandisha hata maji ya kunywa. Insulini ikishaganda haifai tena, na ubaya wake ni kwamba ikiyeyuka huwezi kuijua: ni maji maji yale yale. Basi nikatia kipimajoto ndani ya friji, waya ukaja hadi kwenye kompyuta, na programu ikawa inasoma kila baada ya dakika kumi. Joto likishuka chini ya nyuzi mbili, inapiga kelele. Ililia mara mbili tatu kwa wiki. Mama huita kutoka uani, "Mwanao analia," nami huenda nikapunguza baridi. Ndiye mjukuu pekee niliyempatia.

Mwaka juzi hewa ya chumvi ikaila kompyuta. Dada akaniletea nyingine, ya mapajani yenye betri yake, iliyotupwa na hoteli, yenye mfumo tofauti kabisa. Programu ikakataa kuingia. Makosa kila ukurasa, maana amri za mfumo wa zamani nilikuwa nimezimwaga kila mahali kama pilipili. Nikafanya kazi ya mvivu: nikaiamuru kompyuta itafute kila amri ya zamani na kuweka ya mfumo mpya mahali pake. Makosa yakaisha. Nikakitia kipimajoto kwenye bilauri ya barafu, nikaiwasha programu, ikalia. Nikakirudisha ndani ya friji, nikaiwasha tena. Ikaandika nyuzi nne. Nikaenda kunywa chai.

Tangu hapo ikanyamaza. Siku ya tatu mama akaniuliza, "Mbona mwanao halii siku hizi?"

"Amekua, mama. Hii ni mashine ya kisasa."

"Haya. Wewe ndiwe mjuzi."

Siku ya tano alikuwa akitapika, na kiu haikatiki kwa maji. Kidonda kwenye kidole cha mguu, kilichokuwa kimeanza kufunga, kilikuwa cheusi. Dada akaja na tuktuk, tukampeleka hospitali Msambweni. Daktari akauliza dawa tunaiweka wapi, akanituma nikailete.

Nilikuta chupa imegandamana na ukuta wa friji kwa barafu. Wiki ile stima ilikuwa ikipotea na kurudi. Insulini iliganda, ikayeyuka, mama akajidunga maji. Kwenye kioo cha kompyuta: nyuzi nne, Ijumaa, saa nne asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Kosa sikulitafuta sana. Amri ya kusubiri ya mfumo wa zamani huhesabu sehemu za elfu za sekunde, kwa hiyo dakika kumi niliziandika laki sita. Ya mfumo mpya huhesabu sekunde nzima. Nilibadilisha amri, laki sita nikaziacha pale pale. Programu ilisoma mara moja, ikaona mambo mazuri, ikalala. Ningeitenga amri ile kama kitabu kilivyosema, ningelazimika kuiandika upya kwa mkono, na labda ningeuliza inahesabu nini. Labda. Najijua.

Nilimweleza dada kwenye benchi la hospitali.

"Kwa hiyo ilikuwa imelala," akasema.

"Ndiyo."

"Ilikuwa ilale muda gani?"

"Siku saba. Kasoro saa moja na dakika ishirini."

Nilingoja anitanie. Alikuwa akiikunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

Mama alirudi baada ya wiki tatu, bila vidole viwili vya mguu wa kushoto. Nilimwambia yote. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza.

Programu nimeiandika upya. Sasa ni C sanifu, na amri za mfumo zimekaa kwenye faili lao peke yao, kila moja na maelezo inahesabu nini. Inaweza kuhamia mashine yoyote; mimi siwezi kuhama. Mama haiamini. Kila asubuhi, sindano mkononi, hunitazama.

"Mwanao yu macho?"

"Yu macho, mama."

"Kaangalie."

Nami huinuka, nikafungua friji, nikaishika chupa kwa mkono wangu.