Filta za Lori la Jeshi na Msiba wa Trekta

Sisi tuliolelewa katika vijiji vya ujamaa tukikutana tunapenda kusifu, kana kwamba kila kitu kilikuwa asali. Mimi nasifu mihogo ya kuchemsha. Nasifu korosho tulizochoma juu ya bati lililotobolewa, moshi unatutoa machozi na mafuta yake yanatubabua midomo. Nasifu mchakamchaka wa alfajiri, umande miguuni. Lakini nitajie kamati ya kijiji uone. Mpaka leo, nina mtoto mgongoni na mwingine ananivuta kanga, nikiikumbuka nasonya peke yangu jikoni.

Kijiji chetu, mbele kidogo ya Kilangala, kilipewa lori kuukuu la jeshi. Lilikuwa la kijani, limeinuka juu, na mngurumo wake tuliusikia darasani kabla halijamaliza kilima. Mwalimu akiendelea kufundisha alijisumbua bure, macho yetu yote yalikwisha toka dirishani. Dereva wake na fundi wake alikuwa mtu mmoja, mjomba wangu Salumu, mdogo wake mama wa tumbo moja. Alikuwa mtu wa kujisifu, na injini aliigombeza kama mtoto mtukutu.

Ugonjwa wa lori lile ulikuwa filta ya oili. Ilikuwa ya mtindo wa zamani: kopo zito la chuma ubavuni mwa injini, limeshikwa na bolti moja ndefu, na ndani yake mna kichujio cha kutoa na kuweka kingine. Vichujio vikaisha Lindi, vikaisha Mtwara, mwishowe tukaambiwa hata huko vinakotoka wameacha kuvitengeneza. Mjomba akaanza kujaza blanketi ndani ya kopo. Blanketi la nani? Letu. Kila alipobadilisha oili alikuja na mkasi, akasema, "Dada, kijiji kinahitaji." Mama alimkatia kipande huku anamsema. Ikafika mahali mimi na wadogo zangu tunajifunika kitu kama kitambaa cha meza, wakati oili ya kijiji imejaa manyoya.

Kiangazi kimoja mjomba akarudi kutoka karakana ya shamba la mkonge amebeba bamba la chuma kifuani kama tuzo. Alikuwa amechongewa huko: lina matundu ya kupitisha oili, na katikati limechomoza bomba fupi lenye meno ya skrubu. Akatueleza sote, tulioelewa na tusioelewa. Unang'oa lile kopo la zamani, unafunga bamba mahali pake, halafu unazungushia filta ya kisasa, ile iliyofungwa nzima. Unaikaza kwa mkono, na ikichoka unaitupa. Basi. Hakuna blanketi.

Na filta hizo zilikuwepo. Boksi zima lilikuwa stoo ya kijiji, lililetwa pamoja na trekta. Trekta lenyewe tulilipokea kwa ngoma, likalima msimu mmoja, kisha mtu akaliendesha bila maji na injini ikapasuka. Tangu siku hiyo kuku walitaga chini ya usukani. Mjomba alipoomba filta, Mwenyekiti wa kijiji akakataa. Hizo ni mali ya trekta, alisema, na trekta linasubiri fundi wa wilaya. Kamati nzima ikatikisa vichwa kukubali. Watu wazima, wenye akili zao, wanawalindia kuku filta.

Ningeyasahau hayo kama yasingenigusa. Lakini nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari Lindi, msichana wa kwanza kijijini kwetu, na tulielezwa wazi kwamba asiyeripoti Jumatatu nafasi yake anapewa mwingine. Mvua zilikuwa zimeanza. Mabonde yamejaa, basi haliji, na gari pekee la kupita tope lile lilikuwa lori la jeshi. Nalo limelala. Manyoya ya blanketi yalikuwa yameziba njia za oili, mjomba amezisafisha siku nzima, na sasa alikataa kata kata kuweka blanketi jingine.

"Nikiliwasha hivyo litakufa, Dada. Tutakuwa na maiti mbili."

"Ya kwanza ipi?" mama akauliza.

"Si ndilo lile trekta?"

Mama akatoka kwenda kuwaita dada zake.

Ukoo wa mama na ukoo wa Mwenyekiti walikuwa watani. Wa rika langu mnajua maana yake: mtani anakuja msibani kwako kukuzomea, anachukua kitu chako, na ukikasirika aibu ni yako. Jumamosi asubuhi mama na dada zake wakajipaka majivu usoni, wakaenda uwanja wa stoo, wakalifunika trekta mkeka, wakaangua kilio. Wallahi kilisikika hadi mashambani. Watu walikuja mbio na majembe mabegani kuuliza nani amekufa, na walipoona wakakaa chini kucheka.

Mwenyekiti akafika, vifungo vya shati vimekwenda upande.

"Pole na msiba, mtani," mama akamwambia. "Marehemu ameugua muda mrefu nanyi hamkumpeleka hospitali."

"Mtani, toka hapo. Trekta halijafa, linasubiri fundi."

"Haya, liwashe."

Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Mwenyekiti akasema anatiwa aibu mbele ya watu wake. Mama akamjibu kwamba ndiyo kazi iliyomleta.

"Unataka nini wewe mwanamke?"

"Nguo za marehemu. Mtani hanyimwi nguo za marehemu. Amezivulia mle stoo, zimo kwenye boksi."

"Na wa wilayani wakija niwaambie nini?"

"Waambie watani wamechukua. Na wao wana watani kwao."

Mwenyekiti akatutazama sote. Kisha, namshukuru kwa hili moja, akachuchumaa, akashika tama, akajifanya analia. "Mpeni mtani nguo zake," akasema, "azike aondoke."

Mjomba akafunga filta siku ile ile. Alipowasha mara ya kwanza oili ikaruka ikamlowanisha, maana kwa haraka zake alikuwa ameliweka bamba upande. Akaitukana injini, bamba na fundi aliyelichonga, akafungua, akafunga upya. Safari hii halikudondosha. Jumapili nikapanda juu ya magunia ya korosho na sanduku langu la bati, na njia nzima mjomba alikuwa akipiga kelele kutoka usukanini kwamba mshale wa oili umesimama vizuri. Jumatatu asubuhi nilikuwa getini. Mwalimu akalitazama gauni langu lenye madoa ya oili, akaniuliza kama nimetoka gereji. Nikasema ndiyo, mwalimu. Akanipisha nikaingia.

Sasa naishi Mtanda, mjini Lindi, na wiki hizi bomba la mtaani kwetu limekauka kwa kukosa kipuri kilichomo kabatini mwa ofisi ya mtaa. Nimekiona kwa macho yangu. Vijana wa mtaa wamekaa barazani na redio, wanachana nywele, wanasema wahusika watakuja. Nikaenda ofisini mwenyewe, mtoto mgongoni na ndoo mkononi. Karani, kijana mdogo kwangu, akaniambia kipuri kile ni cha bomba jingine.

Nikamuuliza kwa upole kwao ni wapi, ukoo gani, mama yake mtu wa wapi. Nilikuwa natafuta tu mahali pa kuanzia utani.

"Mama, mimi nimezaliwa Dar," akasema. "Hayo mambo ya makabila siyajui. Na ukiendelea kupiga kelele naita mgambo."

Nilikuwa bado sijapiga kelele. Nikachukua ndoo yangu nikatoka.