Mashine Tatu za Kaya Moja

Nilipoanza kazi katika lile duka la Kariakoo nilikuwa nimekaa Dar es Salaam miezi michache tu, na sikuwa na mtu. Nilitoka Songea nikiwa na cheti cha kompyuta na shangazi wa kufikia. Shangazi akahamia Mbeya na mumewe, nami nikabaki na chumba cha kupanga Ilala, nyuma ya soko la Mchikichini. Wapangaji wenzangu walikuwa watu wa mitumba. Walitoka alfajiri kuwahi mabelo yakifunguliwa, wakarudi wamechoka, tukasalimiana mlangoni, basi. Jumapili nilitembea hadi Mnazi Mmoja nikakaa kwenye nyasi kutazama watu wakikatiza kwenda mjini. Kuna Jumapili nilirudi jioni, mpangaji mmoja akaniuliza kama maji yamekatika, nikashindwa kumjibu vizuri. Sauti ilikuwa imekauka. Tangu asubuhi sikuwa nimesema neno.

Duka lilikuwa la vifaa vya ofisi: karatasi, mafaili, kalamu, wino wa mihuri. Nyuma kulikuwa na mashine ya kutoa kopi na kompyuta moja, na kazi yangu ilikuwa kuwachapia watu barua za maombi na mikataba ya kupangisha nyumba. Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindu, mjane, mwembamba, aliyezaliwa Ilala na kuongea Kiswahili vizuri kuliko mimi. Aliishi ghorofa ya juu ya duka hilohilo. Mtoto wake mmoja tu, wa kiume, alikuwa ughaibuni akifanya kazi za kompyuta, na hakuwa amerudi tangu mazishi ya baba yake.

Ilikuwa miaka ya soko huria, na kila kitu kilikuwa kinaingia. Kompyuta zilizotumika zilishushwa kwenye makontena kama zilivyoshushwa friji na baiskeli. Mama alishangaa sana jambo hilo. Aliniambia marehemu mume wake alitamani kompyuta enzi zile ambazo kuingiza hata moja nchini kulitaka kibali, na kibali hakikupatikana. "Sasa zinauzwa barabarani," alisema, "na yeye hayupo."

Siku moja ikaja bahasha kutoka kwa mwanawe. Ndani mlikuwa na kamera ndogo ya kuweka juu ya kompyuta, na sidii moja. Kijana alieleza kwa simu kwamba ile sidii ni mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, bado uko kwenye majaribio, haujaanza kuuzwa. Yeye alikuwa mmoja wa watu waliopewa waujaribu. Mfumo wa zamani ulikuwa unaganda mtu akijaribu kuunganisha picha na sauti, na huu mpya, alisema, ungeweza. Mama angemwona.

Masharti yalikuwa mengi, yameandikwa kwa Kiingereza, na mama alitaka yote. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Nikavuta kiti nikamsomea huku nikitafsiri. Mfumo huu ni wa majaribio, utakufa wenyewe majaribio yakiisha. Kila mashine itakayowekewa lazima iaktivetiwe, yaani iamshwe kwa namba ya ufunguo, la sivyo itafunga. Ufunguo huu unaamsha mashine tatu, si zaidi. Na usimpe mtu aliye nje ya kaya yako.

"Kaya maana yake nini hapo?"

"Watu wanaoishi na wewe, mama. Nyumba moja."

Akaangalia juu, kwenye dari, kule kulikokuwa na vyumba vyake vinne.

"Basi mbili zitabaki bure," alisema.

Nikaendelea kusoma vipengele vilivyobaki, na yeye akaitikia kila kimoja, lakini hakuwa anasikiliza tena.

Ya kwanza ilikuwa kompyuta iliyotumika ambayo mama aliinunua kwa ajili hiyo; tuliiweka juu nyumbani kwake, sebuleni, karibu na picha ya mumewe yenye shada la maua. Intaneti ya kupitia laini ya simu ilikataa kuiamsha, kwa hiyo nikapiga namba ya nje tuliyopewa. Mwanamke mmoja akapokea, akanitaka nimsomee tarakimu zilizokuwa kwenye kioo, kundi kwa kundi, naye akanisomea za kwake nizichape. Tulisomeana muda mrefu. Alikuwa anasema "vizuri" kila nikimaliza kundi, kwa upole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Aliponiuliza kama kuna jambo jingine angeweza kunisaidia, nilitafuta jambo jingine. Halikuwepo. Nikamshukuru nikakata simu, na nikabaki nimeshika mkono wa simu kwa sababu hakuna aliyekuwa ameongea nami kwa utulivu ule tangu nifike Dar.

Jumamosi ya wiki ile mama alimwona mwanawe. Picha ilirukaruka, mdomo ukienda upande na sauti upande, lakini alikuwa yeye. Waliongea Kigujarati. Nilitaka kutoka, mama akanionyesha kwa mkono nikae. Alipomaliza alijifuta uso kwa pindo la sari, akasema, "Amenenepa."

Jumatatu akashuka dukani na sidii mkononi. "Wewe unakula wapi mchana?"

"Hapahapa, mama." Ilikuwa kweli. Tangu wiki ya kwanza alikuwa akinishushia chapati na dengu, tukala pamoja nyuma ya mashine ya kopi.

"Na ukiugua utamwambia nani?"

Nilifikiri. "Wewe, nadhani."

"Basi wewe ni wa kaya. Iweke na hii ya dukani."

Nikaiweka. Sijui kama wenye mfumo wenyewe wangekubali hesabu ile ya kaya. Mimi niliikubali haraka sana, na nikageuka nikajifanya natafuta waya.

Nafasi ya tatu tuliitunza. Kisha akaja jirani. Huyu alikuwa mama wa Kichaga kutoka Machame, mwenye duka la jumla la vyombo mlango wa pili, mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyeniita mdogo wangu. Binti yake alikuwa anasoma uuguzi nje. Alikuwa ameona kwa macho yake mama akiongea na mwanawe kwenye kioo, na tayari alikuwa amenunua kompyuta na kamera.

"Mdogo wangu, nami nataka nimwone mwanangu. Nasikia mnayo ile sidii."

Nikamweleza masharti. Nilisema yamekataza mtu wa nje. Alisikiliza vizuri, hakukasirika, akasema, "Haya, kama yamekataza," akaenda zake dukani kwake.

Mama alikuwa amesikia yote akiwa kwenye kaunta. Mteja mmoja alipoondoka, akasema: "Mume wangu alipofariki, ndugu zetu wengi walikuwa wameshahama. Huyu alifunga duka lake siku zote za msiba. Hajui dini yetu, hakuwa anajua hata akae wapi. Alikaa tu. Alinipikia uji, akasimama hapo nikaunywa." Akachukua sidii kwenye droo. "Mpelekee."

"Mama, wamesema watu wa nyumba moja."

"Nimesikia walivyosema. Hao hawakuwepo."

Nikampelekea pamoja na karatasi ya ufunguo. Nilijitolea kumwekea, lakini jirani alikuwa tayari na fundi wake, akaniambia nisijisumbue. Sidii ilirudi baada ya siku chache. Yule binti akaonekana kwenye kioo cha mama yake, na kelele za furaha zilifika hadi kwetu. Kwa muda fulani mtaa wetu ulikuwa na wanawake wawili waliofunga duka mapema Jumamosi. Mimi nilipanda juu na mama, nikahakikisha laini imeshika, nikakaa pembeni. Yule kijana alizoea hata kunisalimu. "Mambo, dada," alisema, kwa lafudhi ya mtu asiyeitumia lugha kila siku, nami nikajibu poa. Nilikuwa naisubiri Jumamosi kuliko nilivyotaka kukiri.

Kisha siku moja, nikirudi Ilala kwa miguu, nilipita kwenye meza ya machinga mmoja aliyeuza sidii za sinema na nyimbo. Katikati yake palikuwa na rundo la sidii zisizo na picha, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la ule mfumo mpya, na chini ya jina, namba ya ufunguo. Niliisoma. Nilikuwa naijua kwa kichwa. Nikaisoma tena ya pili na ya tatu kwenye rundo. Zote zilikuwa na namba yetu.

"Unachukua, sista? Mpya kabisa, hata Ulaya haijatoka."

Nikamuuliza ameipata wapi. Akasema kwa fundi. Bongo nzima ilikuwa na mafundi.

Nilimwambia mama kesho yake asubuhi. Alinisikiliza akipanga kalamu kwenye kikombe. "Usimwambie jirani," alisema. "Ataona aibu, na hana kosa."

Haikuchukua muda. Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, ukaunguza diski ya kompyuta ya juu. Tukabadilisha diski, nikaweka mfumo upya, nikapiga ile namba ya nje. Safari hii alipokea mwanamke mwingine, mwenye haraka. Akaniuliza tumeweka kwenye mashine ngapi. Nikasema tatu. Nikasikia vidole vikigonga kibodi. Akasema kwao inaonekana ufunguo huu umejaribiwa kwenye mashine nyingi mno, katika siku chache, na umefungwa. Nikamwomba afungue ya mama tu. Nilimweleza kuwa ni mjane, kuwa mwanawe yuko mbali. Nilieleza mengi ambayo hayakuwa na nafasi katika simu ile. Akasema anasikitika, hana uwezo huo. Naamini hakuwa nao.

Jioni hiyo kijana akapiga simu. Alikuwa amepata taarifa ya kuondolewa kwenye majaribio, na sauti yake ilitoka kwenye simu nikaisikia nilipokaa. Mama aliongea kidogo. Mara moja alinitazama, akatikisa kichwa kwa nguvu kumwambia mwanawe hapana, ingawa hakuwa anamwona. Alipoweka simu chini nilikuwa nimeshasimama na mkoba wangu.

"Ameuliza kama ni wewe uliyeuza," alisema. "Nimemwambia ni mimi niliyetoa. Kaa chini."

"Amesemaje?"

"Amesema nilijua sheria. Nimemwambia nilizijua, ulinisomea." Akanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari. "Ameona aibu kwa wenzake kazini. Si makosa yake."

Wakarudi kwenye simu ya kawaida, mara mojamoja, maneno machache. Jumamosi mama alibaki dukani hadi giza lilipoanza kuingia. Kompyuta ya juu aliifunika kwa shuka. Ile ya dukani nikairudishia mfumo wa zamani, ambao ulitosha kwa barua. Jirani naye alisema yake imegoma, akamlaani fundi kwa mambo mengine kabisa, na hatukusema neno.

Kisha, bila kutangaza, kijana akaja mwenyewe. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, maana siku zote nilimwona mabega na kichwa tu. Nilimkuta asubuhi amekaa kwenye kiti changu nyuma ya mashine ya kopi, akiangalia sahani mbili zilizowekwa juu ya kabati.

"Samahani, dada," alisema akisimama. "Mama anakula na nani mchana?"

"Na mimi."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

"Na Jumapili?"

Nikamwambia sijui. Tuliangaliana. Nadhani alitaka kusema kuhusu ile simu, na mimi nilitaka aseme, lakini mteja aliingia akitaka kopi za cheti cha kuzaliwa, nikaenda kumhudumia. Nilipogeuka alikuwa amepanda juu.

Alikuja kumchukua. Mama alikataa kwa wiki nzima, kisha akakubali ghafla, wakati wa chakula, kama mtu anayekubali kuongezewa chumvi. Bidhaa zikauzwa kwa duka jingine. Jirani akachukua fremu ya duka, akavunja ukuta, akaongeza sufuria. Siku ya kuondoka mama alinishika kidevu, akasema nioge maji ya moto nikiwa na mafua, nisioge ya baridi kwa uvivu wa kuwasha jiko. Jirani alilia kwa sauti barabarani. Mimi nilibeba begi moja hadi kwenye teksi.

Nilipata kazi kwenye intaneti kafe mjini, karibu na posta. Vijana walijaa pale mchana kutwa, na nilijifunza majina ya wachache. Miezi ilipita. Siku moja jirani alimtuma mtu aniite: kuna simu yako itapigwa hapa saa kumi. Nikaomba ruhusa, nikatembea hadi Kariakoo, nikakaa kati ya masufuria. Simu ikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mvua imenyesha?"

"Imenyesha jana."

"Huku kuna baridi. Nyumba ni kubwa. Wanatoka wote asubuhi." Nilisikia mahali fulani nyuma yake mashine ya kufulia ikizunguka. "Umekula?"

"Bado."

"Saa kumi hii na bado?"

"Nitakula, mama."

Alinyamaza, nami nikanyamaza, na laini ilikuwa safi kabisa, bila hata mkwaruzo. Kisha akasema nimpe jirani, nikampa. Nikatoka nje, nikanunua mihogo ya kukaanga kwa mama mmoja wa pembeni, nikaila nimesimama.