Mwana wa Mfalme Aliyeposa Mkunya

Kabla sijaiona bahari kwa macho yangu nilikuwa nimekwisha kuzamisha humo merikebu kadha wa kadha, na mwana wa mfalme nimemvusha kutoka jua linapochomoza mpaka linapolala. Yote hayo niliyafanya nikiwa na jembe mkononi, juu kule Newala, mahali ambapo kunywa maji tu ni safari.

Nianze vizuri. Mimi ni mtu wa Lupaso, huko chini Masasi. Nilipanda Newala nikiwa kijana, siku zile sarafu bado zina sura ya Malkia, nikapata kazi ya kushona magunia ya korosho kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja. Mchana nilishona magunia. Jioni nilikwenda ngumbaru, shule ya watu wazima, tukasoma chini ya karabai moja iliyowaita wadudu wote wa Jimbo la Kusini. Ukifungua mdomo kutamka "a", umekwisha kula. Mpaka leo nasoma nikiwa nimebana meno.

Kitabu tulikuwa nacho kimoja, tukakizunguka kama sinia la wali wa harusi, na waliokaa upande wa pili walijifunza kusoma maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu. Jioni moja tukafika kwenye somo fupi sana. Mwana wa mfalme hakuwahi kutoka nje ya nyumba. Siku moja akapanda merikebu. Bahari ilikuwa kubwa. Basi! Somo lililofuata lilihusu kunawa mikono.

Nikanyoosha kidole. "Mwalimu, alifika wapi?"

"Nani?"

"Mwana wa mfalme."

"Kitabu hakisemi. Soma kunawa mikono."

Nikasoma kunawa mikono, lakini mwenzenu nilikuwa bado merikebuni. Nikiwa ghalani, kila gunia nililolishona lilikuwa tanga, na sindano yangu ilikuwa samaki. Kwa kuwa kitabu hakikusema, nikaona ni juu yangu kusema.

Sasa, Mkunya, kijiji cha jirani, palikuwa na binti. Nilimwona siku aliyokuja ghalani na mama yake kuleta korosho. Sitaeleza alivyokuwa, maana nitazidisha, na mwenyewe yuko chumba cha pili anasikia kalamu inavyokwaruza. Kwao ukoo hufuata upande wa mama, na mwenye neno la mwisho juu ya binti ni mjomba wake. Mjomba huyo alikuwa mrefu, mkavu, asiyecheka. Nadhani alizaliwa amekunja uso hivyo hivyo, mkunga akamwamkia shikamoo.

Nikamtuma mshenga, mwenzangu wa ngumbaru, fundi cherehani mwenye maneno laini kuliko hariri aliyoishona. Akarudi na jibu: kijana aje alime kwanza, tumtazame. Ndiyo desturi. Mchumba hulima shamba la wakwe, nao hutazama mkono wake, mgongo wake, na anavyokula baada ya kazi. Ilikuwa kiangazi, wakati wa kusafisha chini ya mikorosho ili korosho zikidondoka ziokotwe mahali peupe.

"Sikiliza," mshenga akaniambia. "Ukifika pale, shikamoo, jembe, basi. Mdomo wako uache Newala."

"Niuache kwa nani?"

"Kwangu. Mimi ndiye mshenga."

Nilijitahidi. Asubuhi nzima sikusema neno, na katika asubuhi zote alizoziumba Mungu, ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Nilimpita mjomba kwa jembe, akanifikia, nikampita tena. Mchana wanawake wakarudi kutoka bondeni na mitungi kichwani, wamepanda ukingo wote wa mlima, wakaketi kivulini kupumua. Mama mdogo wa binti, mama mcheshi mwenye sauti ya tarumbeta, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Huyu mchumba wenu ni bubu? Tuliambiwa msomi. Haya msomi, tusomee mkorosho huu."

Wakacheka wote isipokuwa mjomba. Na binti akacheka. Hapo ndipo niliposhindwa. Kama mkorosho ungekuwa na maandishi ningeusoma mpaka mizizi. Badala yake nikawasimulia mwana wa mfalme.

Nikasema alilelewa kwenye nyumba isiyo na dirisha hata moja, nyayo zake laini kama bibo bivu, kwa sababu hakuwahi kukanyaga udongo. Alibebwa kutoka kitandani mpaka kwenye sinia, kutoka kwenye sinia mpaka kitandani. Siku moja unyasi mmoja wa paa ukang'oka, kitu kikaingia kikamgusa shavu. "Nani huyu?" akauliza. Wakamwambia, ni upepo. "Kwao wapi?" Baharini. "Basi nami niende nikamsalimu, yeye ameanza." Baba akakataa. Kijana akatoboa ukuta kwa upawa, akatoka, akapanda merikebu.

"Merikebu ndiyo nini?" akauliza mama mdogo.

Pale hapakuwa na hata mmoja aliyepata kuiona, na mimi nikiwemo. "Ni kinu," nikasema, "lakini kirefu kama kutoka hapa mpaka bomani kwa Bwana Shauri. Ndani yake imesimama miti, na mitini yametundikwa mashati."

"Mashati ya nani?"

"Ya upepo. Akiyavaa, merikebu inakwenda."

"Na hiyo bahari?"

Nikawaonyesha kwa mkono kule ukingoni, bonde linapoanguka kuelekea Ruvuma. "Lijazeni bonde lile maji mpaka yafike hapa miguuni petu."

Wanawake wakashika vinywa. Bibi mmoja akaguna kama aliyechomwa. "Na watu wa huko wanachota wapi?"

"Mlangoni, bibi."

"Mlangoni!" Akaisukuma mitungi kwa mguu kama vile imemkosea.

"Lakini hayanyweki," nikaongeza haraka, maana mwalimu alitufundisha hilo. "Yana chumvi. Mwana wa mfalme alikaribia kufa kwa kiu."

Kukawa na makelele ambayo nina hakika yalisikika Nanganga. Ndipo mjomba akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Maji alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo, mjomba."

"Na chumvi?"

"Ilikuwamo humo humo."

"Na bado alilalamika."

"Mihogo je?" akadakia mama mdogo. "Hata mihogo alikosa? Maji yapo, chumvi ipo, wewe unatafuta nini tena? Teleka!"

Mama mkwe kwa heshima hakusema nami moja kwa moja. Alikuwa akisema na jembe lake, nami nikasikia. "Jembe," akasema, "mtoto huyo kalelewa vibaya."

Nikaona nitoke haraka kwenye chumvi. Nikaleta samaki mwenye kijiji kizima juu ya paji la uso, na jogoo wanawika. Nikaleta kisiwa kinachotembea usiku, na binti anayekiendesha kwa mchi kama anayetwanga. Hapo wakanyamaza, hata mitungi ikanyamaza. Mwana wa mfalme akampenda binti, binti akampenda, akampandisha merikebuni. Mashati yakajaa. Kisiwa kikabaki nyuma, kikawa kidogo kama kupe, na mama wa binti ufukoni akipunga mkono. Wakaenda kwa akina mwana wa mfalme, wakakaa raha mustarehe.

Nikangoja vigelegele.

Mjomba akasimama. Akapangusa jembe kwa majani, akalitia begani, akaenda zake, na jua lilikuwa bado juu. Mama mkwe akaliambia jembe, "Tumesikia." Binti alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyepanda ukingo wote na mtungi kichwani, akafika uani, akauangusha.

Kesho yake mshenga akaja ghalani hata hajavua kofia.

"Umefanya nini?"

"Nimelima."

"Na nini tena?"

"Nimesimulia kidogo."

"Mjomba kaniita. Anasema, mwambie kijana maneno yake tumeyasikia, na binti yetu hapandi merikebu."

"Merikebu gani? Mimi sina hata baiskeli!"

Akaketi juu ya gunia, akashika kichwa. "Ndugu yangu, wewe umeona wapi mtu anaposa kwa maneno ya wazi? Posa husemwa kwa hadithi. Mimi kwa ajili yako nilikwenda na hadithi ya kuku anayetafuta tundu. Wewe ukasimama mbele ya ukoo mzima, mchumba mwenyewe, na jembe lao mkononi, ukasema utamchukua mtoto wao umpeleke mbali na mama yake abaki anapunga mkono. Na wanajua wewe ni mtu wa Masasi. Wamekuelewa vizuri kabisa."

Kwao mume ndiye huhamia kwa mke. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu, na wala sikuwa na nia nyingine. Ila merikebu ilinipendeza, nikaiacha iende.

"Basi nenda ukawaambie ilikuwa hadithi tu."

"Niwaambie umesema mbele ya wakubwa maneno yasiyo na maana? Hapo ndipo watakunyima hata maji." Akafikiri, akavua kofia. "Hadithi haifutwi, huendelezwa. Umewapandisha mwenyewe, washushe mwenyewe."

Siku zile nilishona magunia vibaya hata nikashona mkono wa shati langu pamoja na gunia, msimamizi akanikuta nimefungwa na korosho kama mali ya kusafirishwa. Chakula hakikupita. Mimi, ambaye kwa kula nilikuwa nikisifiwa mpaka Lupaso!

Siku nyingine ya kulima ilipofika nikaenda na jembe langu mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakuinua uso.

"Nimekuja kumalizia."

"Kulima?"

"Na hadithi."

"Ile tulidhani imekwisha."

"Bado, mjomba. Merikebu iligoma."

Akaendelea kulima, lakini jembe lake likapunguza mwendo. Nikashika mstari wa pembeni yake. Wanawake nao, ambao siku ile hawakwenda bondeni, wakasogeza kazi yao karibu, kidogo kidogo, kama wasiosogea.

"Iligoma vipi?" akauliza mama mdogo.

"Kumbe kile kisiwa kilikuwa hakitembei ovyo. Kilifungwa kwa kamba, na merikebu nayo ilinasa kwenye kamba hiyo hiyo. Na ncha ya kamba ilishikwa na mjomba wa binti, mzee mmoja mrefu."

"Mrefu kiasi gani?" Aliuliza mjomba, sauti yake haina mlima wala bonde.

"Akisimama katikati ya bahari, maji yanamfika magotini."

Akakohoa. Mama mdogo huapa mpaka leo kwamba kikohozi kile kilikuwa kicheko.

"Akaivuta kamba," nikasema, "merikebu ikarudi kinyumenyume mpaka miguuni pake, na yule samaki, na kijiji, na jogoo. Akauliza, mtoto wetu unampeleka wapi?"

"Mwana wa mfalme akasemaje?"

"Akapiga magoti."

"Kupiga magoti si jibu." Mjomba akasimamisha jembe kabisa. Ukoo mzima ukasimamisha. Nikajua neno nitakalosema sasa ndilo litakaloniweka Mkunya au kunirudisha ghalani.

"Akasema, mjomba, nyumba yetu haina dirisha. Nimekaa humo mpaka miguu imesahau kazi yake. Mimi sikuja kuchukua, nimekuja kuomba mahali. Nipe hapa hapa nijenge."

"Kulima anajua?"

"Anajifunza."

Akautazama mstari wangu tangu mwanzo. "Mistari yake imepinda."

"Kidogo, mjomba."

"Sana."

"Lakini anafika mwisho."

"Na kazi yake huko Newala... huko kwa mfalme?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nikajibu kabla hakijaisha. "Anakwenda asubuhi, anarudi jioni."

"Mwaka wa njaa?"

"Anakaa."

"Baba yake akimwita?"

"Anakwenda kumsalimu na mkewe. Kisha wanarudi."

Mjomba akainua jembe. Kabla halijashuka ikatoka sauti kutoka mstari wa wanawake, ya mtu aliyekwisha kuinama tena kulima.

"Mama mdogo, hebu muulizeni. Huyo binti wa kisiwani, yeye ameulizwa?"

Hilo sikulitayarisha. Nilikuwa nimetayarisha upepo, kamba, hata dhoruba ya akiba kama mambo yangekuwa magumu. Hilo, hapana.

"Bado," nikasema.

"Basi aulizwe."

"Anasemaje?" akauliza mjomba, na safari hii hakuniuliza mimi.

"Anasema atakaa kwao. Lakini bahari ataiona. Si ya kusimuliwa."

Mama mkwe akaanza kulieleza jembe jambo, akaliacha katikati. Mjomba alimtazama mpwa wake muda mrefu, nikaona uso ule uliokunjwa ukikunjuka pembeni, kidogo tu, kama mkeka unaoinuliwa upande mmoja.

"Aende aione," akasema. "Halafu arudi."

"Atarudi, mjomba," binti akasema.

"Sisemi na wewe. Nasema na mwana wa mfalme."

"Atarudi, mjomba," nikasema. "Mimi mwenyewe ndiye nitakayebeba mizigo."

Hakusema ndiyo. Watu wale hawasemi ndiyo. Alitupa jembe begani, akanifanyia ishara kwa kidevu, tukapita nyuma ya nyumba yake mpaka kwenye uwazi kati ya mikorosho miwili. Akakata vijiti, akachomeka kimoja kimoja pembeni, akipima kwa hatua zake ndefu hata chumba cha mbele kikatosha ngoma nzima.

"Mlango?" akaniuliza.

"Uelekee kule," nikasema, nikichomeka vijiti viwili upande wa njia inayoshuka Masasi.

Akavichomoa vijiti vya mlango, akavuka navyo mpaka upande wa pili, akavichomeka vikitazamana na mlango wake mwenyewe.

"Niwe naona nani anatoka," akasema.

Nikamwambia sawa, mjomba. Tulijenga kabla ya mvua, mshenga akabeba nyasi na kulalamika njia nzima. Bahari tulikwenda kuiona baadaye, tukakaa kwa ndugu siku mbili tatu, tukarudi. Paa nimeliezeka upya sijui mara ngapi, na dirisha nimeweka kila ukuta, hata jikoni. Mlango sikuuhamisha.