Pua Yangu na Shingo ya Veneranda

Hivi wewe unayenisikiliza, umewahi kunusa udaga ulioivia ndani ya majani? Kama hujawahi, pole, na kama umewahi, usinikunjie uso. Ile harufu ina uchachu kama wa togwa iliyolala, halafu kuna majani ya mgomba yaliyooza humo humo, inakupanda puani mpaka kwenye paji la uso. Kwetu Runazi muhogo mchungu ndio ulikuwa maisha. Ukiula hivihivi, unakuzika. Kwa hiyo mama alikuwa anaumenya, anaurundika nyuma ya nyumba, anaufunika majani ya mgomba, anaugandamiza kwa mawe, halafu tunasubiri uote ukungu, uwe udaga. Ukiutoa mapema, uchungu uko palepale. Ukiuchelewesha, unaoza unakuwa ute, hata nguruwe anageuza uso. Katikati hapo kuna nusu siku tu ya kuupatia, na hiyo nusu siku niliijua mimi. Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja, shule nimeiachia darasa la pili, lakini wanawake wa jirani walikuwa wananiita: "Skola, hebu njoo utunusie." Naenda, nainama, nanusa, nasema kesho asubuhi. Na inakuwa kesho asubuhi. Wala sikuona ajabu. Nilidhani kila mwenye pua anaweza.

Sasa mwaka huo kaka yangu mkubwa, Deo, akawa anaoa msichana wa ng'ambo ya bonde. Shangazi yetu, dada yake baba, akaja kutoka Bugarama kuisimamia harusi, akaja na binti yake Veneranda. Jamani! Shingo ndefu, mwanya mbele, akitembea hata kuku wanampisha. Mimi shingo sina. Kichwa changu kimekaa mabegani kama chungu kwenye mafiga, na miguu yangu ndugu zangu waliiita majembe. Walinipenda, lakini waliiita majembe. Na kwetu, watu wakienda kumchukua bibi harusi, mbele kabisa anatangulia msichana wa ukoo amebeba kapu la unga wa ulezi kichwani, lile lenye mfuniko uliochongoka, hashiki kwa mkono, anakwenda kwa madaha na watu wote wanamtazama yeye. Nilikuwa nimejifunza tangu mdogo nyuma ya jiko kwa kibuyu. Vibuyu vingapi vya mama nimevunja, Mungu ndiye anajua. Deo ni kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo moyoni kapu lile lilikuwa langu. Shangazi akanitazama mara moja, akamtazama mwanawe, akasema, "Kapu atabeba Vene. Huyu wetu litamwangukia kabla hajafika bondeni." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao, na hicho ndicho kinachouma kuliko vyote, kucheka pamoja na wanaokucheka.

Kijiba cha roho kikanishika. Tukila, nahesabu matonge yake. Akipaka mafuta, natamani yaishe. Akicheka, nautazama ule mwanya nasema moyoni, ungepata kipande cha ubua wa mtama kikaingia hapo! Na kama hiyo haitoshi, shangazi akamkabidhi rundo la udaga wa harusi, kubwa sijapata kuliona, ili ajifunze uanamke. "Ugali wa wageni uko mikononi mwako," akamwambia. Maskini, kwao Bugarama walikuwa wakila ndizi na maharage, udaga ataujulia wapi? Siku ya nne akanifuata. "Skola mdogo wangu, njoo uninusie. Mimi nasikia harufu tu, sijui inasemaje." Nikapiga magoti, nikafunua jani moja, nikanusa. Ulikuwa umeiva. Wa kutolewa leo leo. Nikainuka, nikajipangusa magoti, nikamwambia, "Bado. Siku mbili."

"Kweli?"

"Sasa nikudanganye ili iweje?"

Akaenda zake anaimba. Mimi nikaingia kwenye shamba la maharage, nikakaa chini, nikangoja raha ije. Haikuja. Nikamsikia shangazi uani anamwuliza, "Vipi udaga?" Veneranda akajibu, "Skola amesema bado." Na shangazi, huyo huyo wa kapu, akasema, "Kama amesema Skola, basi." Basi! Hakwenda mtu kuhakikisha. Hata mama hakunyanyua jani. Nikabaki pale nang'oa magugu ambayo hayapo, najiuliza: mimi ninayelia sina kitu, mbona neno langu moja linaweza kuwalaza njaa wageni wa harusi nzima? Kumbe ninacho. Watu wazima wanaliamini neno langu, na mimi nimelichukua nikalifanya sumu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, wazee walisema, na mimi wa kwangu nilikuwa naukata mwenyewe kwa sababu hauna manyoya kama ya mwenzangu. Siku hiyo nilijitazama bila kioo. Nilikuta kitu kizuri ambacho sikukijua, na kitu kibaya kilichozidi miguu yangu kwa ubaya.

Nikalala nacho, nikaamka nacho. Asubuhi nikamfuata Veneranda, nikamwambia, "Nilikudanganya. Funua sasa hivi." Shangazi alikuwa nyuma ya mlango. Alinipiga kofi ambalo nikilikumbuka sikio bado linaita. Tukafunua. Katikati kulikuwa kumeshaanza ute, tukamwaga ungo mzima na zaidi, lakini mwingine ulipona. Tukakaa wawili tunakwangua ukungu kwa visu tuuwahishe juani. Akaniuliza, "Kwa nini, Skola?"

"Shingo yako," nikasema.

Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Shingo! Hii ambayo mama ananipigia kelele kutwa, inua kichwa, watu wanakuona? Wewe wanakuita wakiwa na shida. Mimi wananiita waniangalie. Tangu nifike hapa nakuonea wivu wewe, na hiyo pua yako kubwa." Kubwa! Alilisema hilo pia, na mimi nikamrushia kipande cha muhogo.

Kapu alibeba yeye. Nisiwadanganye, nilitembea nyuma yake njia nzima naomba liyumbe, lisianguke, liyumbe tu kidogo watu waone. Halikuyumba. Wivu hauondoki siku moja kama mgeni, unaaga mlangoni halafu unakumbuka jambo, unarudi ndani. Lakini ugali ulipoliwa, mzee mmoja wa ukweni akauliza nani aliivisha udaga ule, na mama akanishika bega mbele za watu, akasema, "Ni huyu." Neno moja tu hilo, na shingo yangu nikahisi imerefuka.

Siku hizi udaga unaukuta kwenye magunia sokoni Biharamulo, hujui hata nani aliunusa. Na wivu nao umebadilika. Zamani ilibidi mtu atoke Bugarama kwa miguu ndipo umwonee wivu. Sasa wanakuja wote kwa pamoja kwenye simu, wamepakwa, wamenyooshwa, kila mmoja na shingo yake. Mjukuu wangu Neema, yuko kidato cha pili mjini, alikuja juzi likizo. Shikamoo bibi, marahaba, halafu machozi. Wenzake wazuri, wenzake wanapendwa, yeye hana lolote. Nikamwuliza, "Wakikujia wewe, wanatafuta nini?" Akasema, "Hesabu tu, bibi. Wanajaa kwenye dawati langu niwaeleweshe." Tu! Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamhadithia haya yote, kofi na yote. Nikamwambia pia kwamba hata leo sijapona: kanisani wenzangu wanafungua kitabu cha nyimbo, mimi nisiyejua kusoma nafungua mdomo, nawafuatia nyuma kama mbuzi, na roho inaniuma. Akaacha kulia. Akanitazama kama mtu anayepima kazi.

"Bibi," akasema, "Desemba nakuja na daftari na kalamu mbili. Siondoki hapa mpaka usome wimbo mzima mwenyewe, na ukikosea sitakucheka."