Chokoleti Kutoka Kambini

Miaka ile ya vita Mtongwe ilijaa wanamaji, na sisi wasichana wa Likoni tulifungiwa ndani kama kuku. Mimi sikuwa hata wa Likoni. Nilitoka Rabai kuja kumsaidia shangazi yangu aliyekuwa amejifungua, nikaambiwa akipata nguvu nitarudi, kisha niende misheni kusomea ualimu. Nafasi yangu ilikuwa tayari. Basi nikawa nafua nguo za mtoto, nachota maji alfajiri, na mlango wa ua ukishafungwa sitoki tena. Shangazi alikuwa amepata nguvu zamani, za kutosha kunifokea mchana kutwa, lakini habari ya kurudi haikutajwa.

Furaha yangu ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Mume wa shangazi, aliyepakua mizigo kambini, alikuwa akirudi na kifurushi cha chokoleti na peremende za Wazungu. Hakuna kati yetu aliyezijua. Shangazi alinikalisha mkekani mbele ya majirani, akakata kipande kwa kisu cha kuparia samaki, akanipa.

"Haya, onja wewe kwanza. Una ulimi mwepesi."

Nikaonja, nikajifanya hakimu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ngumu kama sabuni ya mche, chungu. Nikasema aliyeitengeneza alikuwa na homa, akachanganya na dawa zake. Wanawake wakacheka. Nyingine ilikuwa na kitu cheupe ndani kinachopoza koo, nikasema hiki ni cha kuchulia kiuno. Ya maziwa yenye njugu ndiyo iliyonimaliza. Jumapili iliyofuata niliuliza mwenyewe kama ile ya njugu imeletwa, na shangazi akatabasamu. Shangazi hakuwa mtu wa kutabasamu bure, lakini mimi nilikuwa natafuna.

Halafu mama akaja kutoka Rabai. Nilijua amekuja kunichukua, nikafunga nguo zangu asubuhi hiyohiyo. Baada ya kanisa wakaingia wazee nisiowajua, pamoja na mwanamume wa makamo aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nikaambiwa ni mpishi wa kambini. Kisha shangazi akaniita.

"Abee," nikaitikia, nikaketi ukingoni mwa mkeka.

Kwetu posa haifungwi bila tembo la mnazi. Wazee huja na kibuyu, na msichana huulizwa mbele ya watu: tunywe? Akisema kunyweni, amekubali. Akikataa, kibuyu hurudi na wenyewe. Lakini sisi tulikuwa watu wa kanisa, na tembo halikuingia nyumbani. Mbele ya wazee paliwekwa sinia, na juu yake chokoleti ya njugu, nzima, bado imo katika karatasi yake.

"Mtoto ameshakula mara nyingi," shangazi akawaambia. "Na nyingine ameziomba mwenyewe. Majirani hawa hapa, waulizeni."

Majirani wakaitikia kwa vichwa. Kumbe mume wa shangazi alikuwa mchukuzi tu, vifurushi vyote vilitoka kwa huyu mpishi. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka, nikatamani kulipindua lile sinia.

Mzee mmoja akanigeukia kwa upole. "Mwanangu, tumekuletea tamutamu hii. Tule?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini majirani walikaa mlangoni, na mimi nilikuwa nimeshaila posa yangu nikiichekea. Nikamtazama mama. Nilijua desturi: anayeanza ni mama mzazi, na asipopokea, posa imevunjika hata mimi niseme nini. Tena yeye ndiye aliyenitafutia nafasi ya misheni, akaenda kwa miguu kuwabembeleza mpaka wakakubali. Nikaona bora nimwachie yeye akatae, maana yeye ni mtu mzima na hakuna wa kumfokea.

"Kuleni," nikasema.

Shangazi akakata kipande, akampa mama. Mama alikishika mpaka kikaanza kuyeyuka vidoleni. Hakunitazama. Kisha akakitia mdomoni, akatafuna polepole, akasema kwa sauti ndogo kwamba kweli ni kitamu.