Mimi Sina Lafudhi

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya kupokea simu, sikuwahi kukutana na mtu aliyekiri kwamba ana lafudhi. Lafudhi ni ya jirani. Muulize mkazi yeyote wa Nairobi anaongeaje, atakujibu kwamba anaongea kawaida tu, kisha atamuiga shemeji yake mpaka mbavu zikuume. Nami nilikuwa vivyo hivyo, tena kupita wengine, kwa maana nilikuwa na cha kujivunia. Kujivuna huko nusura kumpoteze mtu aliyekuwa chini ya paa langu.

Niliingia darasa la gumbaru Jumatatu, tarehe 9 Januari 1995, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Tuliketi watu wazima kwenye benchi za watoto, magoti yakigusa videvu, na wenzangu wengi walificha madaftari chini ya sukumawiki ili majirani wasijue waendako. Mimi langu nililibeba mkononi. Wakati huo tuliishi mtaa wa Woodley, na mume wangu, aliyekuwa karani, ndiye aliyenisikiliza nikisoma kwa sauti kila jioni. Kikuyu cha mama yangu kilikuwa kimezikalia herufi mbili za Kiswahili, r na l, kama mpangaji asiyetaka kuhama. Ilinichukua miaka minane kumtoa. Mume wangu alifariki tarehe 14 Agosti 2001. Cheti cha kidato cha nne nilikipata mwaka 2003, nikaenda nacho hadi kaburini kwake Mutuini, nikamsomea alama zote, hata ile ya hisabati.

Kampuni ya Westlands niliyokuwa nikipika chai ndani yake ilinihamishia kwenye meza ya simu mwaka huohuo. Hapo ndipo sikio langu lilipojulikana. Mtu akisema, “Halo, naomba kuongea na meneja,” nilikuwa tayari nimejua alikozaliwa, na mara nyingine hata upande wa mlima. Vijana wa ofisini walikuwa wakiegemea meza yangu na kunong’ona, “Mathe, huyo ni wa wapi?” Nikiwatajia, wanasubiri mteja afike kwa miguu yake ili wahakikishe. Sikumbuki wakinishinda hata mara moja.

“Na wewe mwenyewe, mathe?” mmoja aliniuliza.

“Mimi sina lafudhi,” nilimjibu. “Ukinisikia kwenye simu huwezi kujua nimetoka wapi.”

Akainamisha kichwa kwa adabu. Leo najua alikuwa akificha kicheko.

Mchezo huo niliupeleka nyumbani. Mume wangu alikuwa ameniachia ploti Mutuini yenye vyumba sita vya kupangisha, nami niliishi katika nyumba ya mbele. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikitoa birika la chai uani, wapangaji wakaleta vigoda, na mwenye bucha ya jirani akavuka barabara akiwa na vazi lake jeupe la kazi. Kanuni ilikuwa moja: kila mtu aeleze anavyoongea, kisha sisi tumkosoe. Mlinzi wa chumba cha pili alidai anaongea kama redio. Mwalimu wa chekechea alisema Kiswahili chake ni cha pwani, kwa sababu aliwahi kukaa Mombasa miezi mitatu. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Mwenye bucha, aliyekuwa akiniita Mwalimu kwa utani, hakuwa hodari wa kubahatisha, lakini alikuwa mwanafunzi mzuri. Aliuliza maswali. “Umejuaje, Mwalimu? Umeshikia wapi?” Nami nilimfundisha. Nilimfundisha kwa mifano, nikamrudilia, kama nilivyorudiliwa mimi kule gumbaru.

Chumba cha sita kilikuwa cha fundi wa nguo. Alihamia tarehe 1 Machi 2005 akiwa na cherehani, kitanda na sufuria tatu. Alikuwa amekulia Woodley, nyumba chache kutoka tulikokuwa, ingawa hatukufahamiana huko, na alikuwa ameokota lugha za watoto wote aliocheza nao. Kikuyu alikiongea bila kujikwaa. Alikuwa pia mwigaji: akimpima mteja kiuno, humjibu kwa sauti ya mteja yuleyule, na mteja asing’amue. Mutuini nzima ilimchukulia kuwa msichana wa hapa, naye hakuwahi kusema kwamba ni wa hapa wala kwamba si wa hapa.

Jumapili, tarehe 7 Oktoba 2007, ilimfikia zamu aliyokuwa akiikwepa siku zote.

“Mimi naongea Kiwoodley,” alisema, sindano ikiwa mdomoni. “Hiyo ndiyo lugha ya mama.”

Wakabahatisha. Kiambu, alisema mmoja. Nyeri, alisema mwingine. Mwenye bucha aliapa kwamba ni wa Dagoretti hapahapa. Fundi akatabasamu na kuendelea kupinda ukingo wa sketi. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimejua tangu wiki ya kwanza aliyohamia, na miaka miwili nilikuwa nimenyamaza. Lakini walikuwa wamekosea wote, na wote walikuwa wamenigeukia.

“Ninyi mnasikiliza herufi,” niliwaambia. “Sikilizeni wimbo ulio chini ya maneno. Sikilizeni anavyoupandisha mwisho wa swali, kisha anaushusha polepole kama mtu anayetua mtungi. Huyu alilelewa katika nyumba ya Waluhya. Wazazi wake ni watu wa magharibi, tena si wa juzi.”

Wakapiga makofi. Fundi aliitoa sindano mdomoni.

“Mama, wewe!” alisema, akacheka. Hakushona tena siku ile.

Mwenye bucha hakupiga makofi. Alikiweka kikombe chini taratibu. “Kumbe,” alisema. “Na vile tumekaa na yeye.”

Nilimsikia. Mimi niliyekuwa nikisikia kila kitu, nilisikia hata jinsi neno lile lilivyokosa utani. Nikamwongezea chai.

Uchaguzi ulikuwa Alhamisi, tarehe 27 Desemba. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na waliokuwa wakisalimiana kila siku walisimama kimya. Kura zilikuwa zimepigwa kikabila, Wakikuyu huku na watu wa magharibi kule; matokeo yalitangazwa Jumapili jioni, na kabla ya usiku kuingia tuliona moshi upande wa bondeni. Kuanzia hapo sauti za mtaa zilibadilika. Watu walishusha sauti dukani. Waliokuwa na majina ya mbali waliacha kuitana. Nilimsikia mlinzi wa chumba cha pili akijibu simu kwa kuguna tu, mm, mm, mpaka akaikata. Mwaka Mpya hakuna aliyetoka nje na birika, wala mimi.

Alhamisi, tarehe 3 Januari 2008, fundi alibisha mlango wangu wa nyuma kama saa nane mchana.

“Mama, wanauliza kwa mageti,” alisema. “Wanasalimia watu, halafu wanasikiza vile utajibu. Yule mama wa mboga wamemtoa na watoto. Nyumba wamefunga.”

“Wamemdhuru?”

“Sijui. Nilirudi mbio.”

Nilimketisha, nikammiminia chai, nami nikajimiminia yangu. Hakuwa ameinua kikombe geti liliposukumwa. Nilimwonyesha chumba cha kulala kwa kidole, akaingia nyuma ya pazia, nami nikatoka mlangoni nikajaza nafasi yake kwa mwili wangu.

Walikuwa wanne. Watatu sikuwafahamu. Wa nne ni mwenye bucha. Hakuwa amevaa vazi la kazi, na hilo lilinitisha kuliko panga alilokuwa ameshika mwenzake.

“Habari ya mchana, Mwalimu,” alisema. “Hatukuji na ubaya kwako. Tunakuhitaji. Hii mtaa imejaa watu hatujui, na wewe ndiyo uko na masikio. Tembea na sisi. Wewe sikiza tu. Hata si lazima uongee, ukitikisa kichwa tunajua.”

“Mimi ni mjane wa miaka hamsini na moja,” nilimjibu. “Sitembezwi.”

“Sawa. Na fundi ako wapi? Chumba ameacha wazi.”

“Alisafiri.”

Akatazama juu ya bega langu, mezani. Vikombe vilikuwa viwili, vyote vikitoa mvuke.

“Uko na mgeni.”

“Dada yangu mdogo. Anaumwa.”

“Mgeni hasalimii watu?” alisema, na wenzake wakasogea. Kwetu, mgeni aliye ndani ya nyumba asiyeitikia salamu ama ni mgomvi ama ni mwizi, na sote tuliijua desturi hiyo. Akapaza sauti kuelekea pazia. “Dada! Tunakusalimia!”

Nilifunga macho. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe. Neno moja lingetosha, wala lisingehitaji kuwa na kosa. Wimbo wake tu ungetosha.

Sauti iliyotoka nyuma ya pazia ilikuwa yangu.

Haikuwa sauti ya mtu anayeniiga kwa mzaha. Ilikuwa mimi mwenyewe, kavu kidogo, ya kujivuna kidogo, inayoyapanga maneno moja moja kama vyombo kabatini. Iliwasalimu kwa Kiswahili cha darasani, ikawaambia kwamba ina homa, ikawashukuru kwa kuijulia hali, ikawaombea baraka za Mwenyezi Mungu. Na katika kila neno lililohusika, zile herufi mbili zilizonitoa jasho miaka minane zilikuwa zimebadilishana viti, kama kwamba sikuwahi kukanyaga gumbaru. Chini yake ulipita wimbo wa mama yangu, mzima, akiita mbuzi kutoka ukingo wa shamba.

Mmoja wa wale watatu akacheka. “Huyo ni wa kwetu kabisa! Twende.”

Mwenye bucha alibaki. Alilitazama pazia, akanitazama mimi. Alikuwa amekunywa chai yangu ya Jumapili kwa miaka minne.

“Dada yako anaongea kama wewe,” alisema, “kukushinda wewe.” Akageuka, akawafuata. Mpaka leo sijui kama alidanganyika au kama alichagua kudanganyika, na sijamuuliza, kwa sababu sitaki kusikia atakavyonijibu.

Niliporudi ndani, fundi alikuwa ameketi sakafuni, mikono mdomoni.

“Hivyo ndivyo ninavyoongea?” nilimuuliza. Aibu yangu ni kwamba hilo ndilo lililokuwa swali langu la kwanza.

“Mama,” alisema, “ndivyo.”

Aliondoka Jumamosi asubuhi, tarehe 5, kwa pikapu ya mtu wa kanisa letu, cherehani ikiwa imefunikwa kwa mablanketi yangu. Hatukuagana kwa sauti, kwa sababu dereva aliomba tusiongee. Chumba cha sita nilikiacha kitupu mwaka mzima. Mlinzi na mwalimu wa chekechea walihama kabla ya Februari. Mwenye bucha aliniuliza siku moja, akinikatia nyama, “Mwalimu, Jumapili hatuchezi tena?” Nikamwambia sina majani ya chai. Hakuuza nyama peke yake; majani ya chai yalijaa rafu nzima nyuma ya kichwa chake.

Jumatatu, tarehe 21 Januari, wiki mbili tu baada ya fundi kuondoka, simu ya ofisini iliita saa nne kasoro.

“Mama, nilifika,” ilisema sauti. Haikuwa ya Woodley, wala haikuwa yangu. Ulikuwa ule wimbo wa magharibi, wazi, bila kifuniko, unapanda na kutua, jinsi ambavyo hakuwahi kuthubutu kuuimba katika ploti yangu. “Wewe je, uko salama?”

Nilimwambia niko salama. Nilisikia zile herufi mbili zikinitoka vibaya, nikaziacha.

Yule kijana wa ofisini alikuwa ameegemea meza, kama zamani. “Mathe,” alinong’ona, “huyo ni wa wapi?”

“Sijui,” nilimwambia, nikakifunika kipaza sauti cha simu kwa kiganja mpaka alipoondoka.