Kindi na Mlo Uliodumu

Kazini walimwita Kindi, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alikuwa fundi wa minara ya simu, yule mtu unayemwona kama nukta juu ya chuma kirefu ukabaki unajiuliza amefikaje huko. Ujanani alikuwa akipanda mita sitini kwa mkupuo mmoja, spana zikigongana kiunoni, na wenzake waliobaki chini walikuwa hawajamaliza kufungua masanduku ya vifaa alipowapigia simu kuwaambia ameshafika. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu, na hofu hakuijua. Mkewe alikuwa akisema aliolewa na mtu ambaye mguu mmoja u ardhini na mwingine u hewani.

Alipofika miaka arobaini na moja, Kindi alikuwa na kilo mia moja ishirini na moja na kazi yake ilikuwa kukaa stoo.

Unene ulimjia kama mgeni mstaarabu, yule anayeomba kulala siku mbili tu, ukija kushtuka ameshapanga viatu vyake mlangoni. Kilo tatu baada ya harusi. Tano alipozaliwa binti yake. Nyingine nne alipopewa gari la kazi na kuacha kutembea, na kila mwaka zikaongezeka nyingine. Kisha kampuni ikaleta kanuni mpya: kamba za uokoaji zina kiwango chake, na fundi anayezidi kilo mia moja hapandi mnara. Msimamizi wake, mzee aliyemfundisha kufunga fundo la kwanza la kamba, alimwita pembeni.

"Kindi, sikushushi mimi," alisema, macho yakiwa kwenye makaratasi. "Ukiteleza ukaning'inia kule juu, hakuna mwenzako atakayeweza kukuteremsha. Halafu mimi nikamwambie nini mkeo?"

Kindi hakubisha. Alipewa funguo za stoo, meza, na kiti kilicholalamika kila alipokikalia. Asubuhi aliwakabidhi mafundi mikanda na spana. Jioni alizipokea zikiwa bado na ubaridi wa upepo wa huko juu, na mara nyingine alizishika mkononi kidogo kabla ya kuzitundika. Kati ya asubuhi na jioni alikunywa chai.

Si kwamba hakuhangaika. Alikunywa maji ya moto na ndimu mpaka meno yakamsisimka. Alikula supu ya kabichi siku kumi na nne mfululizo, nyumba nzima ikanuka kabichi, binti yake akawa anafungua madirisha bila kuambiwa. Alikula nyama na mayai tu, bila wali, bila mkate, bila kiazi, na mlo huo ndio ulioleta matumaini: kilo kumi na moja ziliondoka kwa miezi miwili na nusu, watu wakampongeza barabarani. Kisha jioni moja alijikuta amesimama jikoni na mkate mkononi, nusu yake imeshaliwa, na hakumbuki alianza lini. Zile kilo kumi na moja zikarudi zikiwa kumi na nne.

Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa fundi seremala, alikuwa na dawa yake. Yeye hakutia kitu kinywani mpaka saa nane mchana, na kwa njia hiyo alikuwa amepungua na kubaki vilevile mwaka wa tatu sasa. "Kaka, njaa ya asubuhi ni uongo," alimwambia. "Ipuuze, itaondoka yenyewe."

Kindi akaipuuza. Haikuondoka. Siku ya tano alishikwa na kizunguzungu akadaka rafu ya stoo, kofia za usalama zikamwagika sakafuni. Na nyumbani alikuwa haongeleki. "Umenuna kama mtu aliyenyang'anywa kiti chake," mkewe alimwambia. "Kula kwanza, halafu tuzungumze."

Kilichombadilisha kilianza kwenye vipimo vya afya vya kila mwaka. Daktari aliona shinikizo la damu limepanda, akamtuma chumba cha mwisho koridoni, kwa mshauri wa lishe. Kindi aliingia akiwa amejiandaa kupewa karatasi yenye orodha ya vitu alivyokatazwa. Alimkuta mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani mikubwa, ambaye mwenyewe hakuwa mwembamba. Yule mama alisikiliza habari ya ndimu, ya kabichi, ya nyama na mayai, ya njaa ya asubuhi, bila kuandika kitu.

"Katika hizo zote," aliuliza, "ipi uliifikisha mwezi wa nne?"

"Hakuna, dada."

"Na ulipokuwa unakula hivyo, ulikuwa unakula na nani?"

Swali lilikuwa dogo, lakini lilimwingia Kindi mpaka ndani. Alijiona sebuleni, bakuli la kabichi magotini, akisikiliza vijiko na vicheko vya mkewe na binti yake mezani. Kila mlo alioujaribu ulikuwa umemwondoa kwenye meza ile, na kila aliporudi kwenye unene, kwa kweli alikuwa anarudi kwa watu wake.

"Peke yangu," alisema.

Mshauri aliitikia kwa kichwa taratibu. "Nenda nyumbani. Wiki mbili usipunguze chochote. Jiangalie tu. Wapi unakula ukiwa na raha, na wapi unakula bila kujijua. Halafu uje tuongee."

Aliondoka akidhani amepuuzwa. Lakini alikuwa fundi, na fundi akiambiwa atafute hitilafu huitafuta. Akajiangalia kama alivyozoea kukagua nyaya, hatua kwa hatua, bila kujionea aibu. Alichokiona kilimshangaza. Mezani hakuwa mlaji wa kutisha. Maneno yalikuwa mengi, binti alikuwa na visa vya shule, na sahani moja ilimtosha. Tatizo halikuwa hapo kabisa. Lilikuwa stoo, ambako alikunywa vikombe vinane vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na kula pakiti mbili za biskuti ambazo hata ladha yake hakuweza kuieleza. Na lilikuwa jikoni, kabla ya chakula, alipokuwa "anaonja": kipande hiki, kijiko kile, mpaka anapoketi mezani ameshakula mlo mzima akiwa wima.

Jioni ya siku ya kumi na nne alimweleza mkewe yote, hata zile biskuti. Mkewe aliacha kumenya kitunguu.

"Kwa hiyo sahani ya mezani haina kosa?"

"Haina kosa kubwa."

"Miaka sita," mkewe alisema polepole, "napika vyungu viwili. Chako na chetu. Mlo wako ukibadilika, nabadilika na mimi. Nilijua havitakusaidia vyakula vyako vile, nilikuwa naona unavyovitazama. Lakini ulikuwa unajitahidi, nikaona nisikuvunje moyo."

Kindi alimtazama mwanamke huyu kama vile anamwona kwa mara ya kwanza. Vyungu viwili kila jioni kwa miaka sita, na hakuwahi kusikia hata neno moja la kuchoka. Akachukua kisu, akamalizia kile kitunguu.

Aliporudi kwa mshauri walipanga mambo machache, kwa sababu yule mama alikataa mengi. Kindi hatakula tena akiwa amesimama wala akiwa peke yake. Chai ya sukari ni vikombe viwili, asubuhi, pamoja na mkewe, na atavinywa kwa starehe. Stoo kuna maji tu. Mchana atatoka akale na madereva nje, kivulini, badala ya kujifungia na makopo ya grisi. Na mezani, chungu ni kimoja: wali upo, maharage yapo, samaki yupo, ila nusu ya sahani ni mboga za majani. Hiyo ya mwisho ilimhusu kila mtu, na binti alilalamika wiki nzima kabla hajazoea.

Mwezi wa kwanza uliondoa kilo moja. Kindi alirudi kwa mshauri uso umemshuka.

"Moja tu, dada. Kabichi iliondoa nne."

"Ilikuuma, hii moja?"

Alifikiri. "Haikuuma."

"Unaweza kuishi hivi mwezi mwingine?"

"Hivi naweza kuishi mpaka nizeeke."

"Basi mimi sina la kuongeza," alisema yule mama, akaita mgonjwa mwingine.

Ikawa hivyo. Kilo moja, mwezi mwingine moja na nusu, mwezi mwingine hakuna kabisa. Kulikuwa na wiki saba mizani haikusogea hata kidogo, na kwa mara ya kwanza Kindi hakukimbilia ndimu. Aliendelea tu kukaa mezani. Wiki ya nane mizani ilishuka kwa kilo mbili kwa mpigo, na yeye hakuwa amefanya lolote jipya. Alimsimulia mkewe kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona kitu kitakatifu. Mwili ulikuwa unafanya kazi yake muda wote, kimya kimya, bila kumtaka ruhusa.

Asubuhi moja ya mwaka wa pili aliinama kufunga kamba za viatu, akamaliza, akasimama. Halafu akaketi tena ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amezifunga bila kubana pumzi. Alifungua kamba, akafunga upya, akahakikisha. Mkewe alimkuta pale akiutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu," alisema. "Ndiyo maana nashangaa."

Mwezi wa ishirini na mbili, mizani ya kampuni ilisoma tisini na nane na nusu. Msimamizi aliinama akaisoma mwenyewe, akamwomba Kindi ashuke, apande tena. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyostahili. Kulikuwa na mafunzo ya kurudia na vipimo vya moyo. Baada ya hapo, siku ya Jumanne yenye mawingu mepesi, Kindi alivaa mkanda wa usalama ambao kwa miaka saba alikuwa anauandikisha kwa ajili ya wengine.

Hakupanda kama zamani. Mita ya ishirini alipumzika. Mita ya arobaini alijifunga, akasubiri, akihesabu pumzi. Upepo ulimgusa shingoni mahali ambapo zamani palikuwa na mkunjo wa nyama. Alipofika juu alijifunga mara mbili, kisha ndipo akainua macho.

Mabati ya nyumba yalimeta hadi mwisho wa macho. Barabara zilikuwa nyuzi. Uwanja wa shule ulijaa watoto wadogo kama punje, wakikusanyika na kutawanyika, na sauti yao haikumfikia. Ndege alipita chini yake. Chini yake kabisa. Kindi alikuwa amesahau kwamba ndege wana migongo. Aliweka kiganja kifuani, akasikia moyo unavyopiga, moyo uleule aliokuwa ameubebesha mzigo mwaka baada ya mwaka na ambao haukuwahi kumgomea hata siku moja. Machozi yalimtoka, upepo ukayakausha kabla hayajafika kidevuni.

Alimpigia mkewe simu.

"Niko juu," alisema.

Upande wa pili alisikia bomba la maji likifungwa. "Shika vizuri," mkewe alijibu.

Wengi wangeimalizia hapo habari hii, lakini mwenyewe husema kilichomstaajabisha zaidi kilikuja baadaye. Mwaka uliofuata mama yake aliugua. Kwa wiki tisa Kindi aliishi kwenye mabenchi ya hospitali, akila chochote kilichokuwa karibu, saa yoyote, wima, koridoni. Mama alipopona na kurudi nyumbani, mwanawe alikuwa ameongeza kilo sita. Alipanda mizani akashuka. Akangojea ile hasira ya zamani ya kujiadhibu, ya kutafuta kabichi. Haikuja. Jioni aliketi kwenye kiti chake, mkewe akampitishia mboga, binti akaanza kusimulia kuhusu mtihani wa fizikia. Miezi mitano baadaye zile sita zilikuwa zimeondoka, na hakuweza kukumbuka alifanya juhudi gani.

Sasa ni mwaka wa tano tangu alipoanza. Mdogo wake alikuja juzi kuweka mlango mpya wa jikoni, akakuta wanakaa kula mchana. Akakaa nao, maana saa nane ilikuwa imeshapita.

"Kaka, niambie ukweli. Unakula asubuhi, mchana na jioni, na wali humo ndani?"

"Na wali humo ndani. Nikikosa kula asubuhi naanguka, unajua mwenyewe."

Seremala alitikisa kichwa. "Mimi kwangu hii yako isingefaa hata siku mbili. Nikikaa na watu hivi, maneno yakinoga, najikuta nakula sahani ya tatu. Mimi afadhali nifunge mdomo mpaka mchana, nimalize."

"Na miaka yote hii hujarudi nyuma?"

"Sijarudi nyuma."

Walitazamana, ndugu wawili wenye pua moja na cheko moja, kila mmoja akistaajabia jinsi mwenzake anavyoweza. "Na eti tumetoka tumbo moja," Kindi alisema.

"Tumbo moja la mama," mdogo wake alijibu. "Haya mengine kila mtu na lake."

Mke wa Kindi alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kisha wakamaliza kula, na seremala akarudi kwenye mlango wake.